Usimnyang'anye simu mdogo wako, anza na anayejua PIN yake

Mkuu mleta uzi, nimeusoma uzi wako tangu juzi nikasema huyu nimjibu nikiwa nimetulia, maana majibu mengi uliyopewa humo juu ni "mchukulieni simu mpaka amalize kidato cha nne" na kwa mtoto wa hali ya mdogo wako hilo litamwacha pabaya kuliko alipo sasa. Kwa wanaoingia leo, jamaa yuko Ujiji, mdogo wake yuko kidato cha pili shule ya kutwa, ana uoni hafifu na kusoma kwenyewe kunampa taabu hata herufi zikiwa kubwa. Wiki iliyopita hela ya mama iliyokuwa kwenye laini anayotumia dogo imehamishwa, alafu wenzake darasani wakaanza kupokea meseji za ajabu kutoka WhatsApp yake, nyingine za kuomba hela nyingine za matusi. Dogo analia anasema sio yeye. Mama hataki kusikia, anataka simu ifungiwe kabatini.

Mimi ni mwalimu wa elimu maalum, niko Tabora mjini sasa hivi, kabla ya hapo nilikuwa Kasulu huko kwenu. Nimefundisha wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, na hawa wa kusoma kwa shida ambao wengi tatizo lao halijawahi hata kupewa jina, wanaitwa wazembe tu basi. Tabora ndiko ilikoanzia shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963, chini ya Kanisa Katoliki, kwa hiyo huku hawa vijana mitaani tumewazoea, wanafika sekondari, wana simu, wana magrupu yao, wanachati kama wengine wote. Na kitu ninachokiona kila mwaka ni hiki: anayewaibia na kuwaumiza mtandaoni mara nyingi sio tapeli wa mbali, ni mtu anayewasaidia kutumia hiyo simu.

Angalia inavyokuwa. Asiyeona anapokea meseji, anampa wa jirani amsomee. Kiziwi laini yake imefungwa, lazima apige huduma kwa wateja, hawezi kuongea, anampa binamu aongee badala yake, na ili binamu aongee inabidi ampe jina la mama, namba ya NIDA ya mama, na wakati mwingine anampa na PIN ambayo hata haikuhitajika. Anayesoma kwa shida anataka kufunguliwa akaunti, anaenda kwa fundi simu, fundi anafungua kwa barua pepe ya fundi na namba ya fundi, mtoto anaondoka na simu ambayo mwenyewe halisi ni fundi. Hakuna aliyefanya uzembe hapo, kila mmoja aliomba msaada kama tunavyowafundisha waombe, lakini siku wakigombana na huyo msaidizi, au msaidizi akibanwa na shida ya hela, mlango uko wazi.

Kwa hiyo kabla hujamtafuta tapeli wa huko Sumbawanga au wapi, kaa na dogo peke yenu, mama asiwepo kwanza, umuulize taratibu nani huwa anamsomea meseji, nani alimfungulia WhatsApp, nani anajua PIN ya hela. Usimuulize "nani kakuibia", atajifunga, maana huyo mtu anaweza kuwa ndio rafiki pekee anayemnakilia notisi darasani, akimtaja anajua kesho hana wa kumsomea ubao.

Alafu fungua WhatsApp yake, nenda kwenye setingi, kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Hapo naweka msisitizo mkuu. Mtu akiishika simu ya dogo muda mfupi tu anaweza kuiunganisha WhatsApp na kompyuta au simu nyingine kwa kuskani ile picha ya miraba, na kuanzia hapo anasoma kila kitu na kutuma meseji kwa jina la dogo bila kuigusa simu tena. Kwa ulivyoeleza mimi naanza kushuku hapo. Ukikuta kifaa msichokijua, kwanza kipige skrinishoti kinaonesha ni aina gani na mara ya mwisho kilitumika lini, ndipo ukiondoe. Baada ya hapo weka uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa namba sita, na hizo namba azichague dogo mwenyewe, wewe kaka usizijue. Najua utasema nitamlinda vipi bila kuzijua, nitakuja huko.

Hamia kwenye akaunti ya Google, angalia barua pepe na namba ya kurejesha akaunti ni ya nani. Badilisheni PIN ya pesa. Na kwa kuwa laini imesajiliwa kwa NIDA ya mama, mama apige *106# aone laini zote zilizosajiliwa kwa jina lake, maana hawa wasaidizi wa kusajili laini wanaweza kumwekea mama kidole zaidi ya mara moja akabaki na namba asiyoijua.

Sasa kwanini nasema simu isichukuliwe. Mkuu, kwa uoni hafifu simu ndiyo inayomsomea. Mtihani wa taifa NECTA inawapa karatasi za maandishi makubwa na muda wa nyongeza, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa masomo mengine, lakini huo ni mtihani, darasani siku za kawaida mwalimu anaandika ubaoni, anafuta, anaendelea, na mtoto wako anarudi nyumbani na nusu ya notisi. Jioni anachukua daftari la mwenzake anapiga picha anaikuza, au anaiwasha TalkBack, ile programu ya kwenye simu inayosoma skrini kwa sauti, imsomee. Shuleni haruhusiwi kuja na simu, hilo tunalijua wote, kwa hiyo hayo masaa ya nyumbani ndiyo yanayomvusha. Ukiifungia kabatini hataacha mtandao, ataingia kwa simu za wenzake, ataacha akaunti yake wazi huko, na safari hii hutakuwa na kifaa cha kukagua.

Kuna jambo la herufi kubwa ambalo wazazi wengi hawalioni. Nilikuwa na kijana hapa, simu yake kaiwekea herufi za mwisho kabisa kwa ukubwa, skrini nzima inabeba maneno matatu manne, anaisogeza mpaka inakaribia kugusa kope, anaihamisha kushoto kulia polepole. Alikuwa anapenda kukaa dirishani penye mwanga, mgongo wake ukiwaelekea wenzake. Sasa yeye pale anahangaika kusoma herufi moja moja, na wale waliokaa nyuma kule madawati ya mwisho wameshasoma yote, salio, jina la aliyemtumia hela, na namba za uhakiki zilizoingia. Alikuwa anashangaa watu wanajuaje mambo yake. Hakuna aliyedukua kitu.

Tulichofanya ni kutenganisha. Kusoma notisi aendelee na herufi kubwa. Mambo ya hela, paswedi na namba za uhakiki ahamie kwenye sauti, hedifoni sikio moja, sikio lingine wazi asikie nani anakuja. Simu nyingi za Android ukibonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja sekunde kama tatu TalkBack inawaka, ikigoma unaiwezesha kwenye setingi za ufikivu, na kwenye menyu ya TalkBack yenyewe kuna chaguo la kuficha skrini, skrini inakuwa nyeusi huku yeye anaendelea kusikia na kubonyeza. Hedifoni ni lazima lakini, maana bila hedifoni TalkBack inasoma namba za uhakiki kwa sauti daladala nzima isikie.

Na hakikisha sauti imewekwa Kiswahili. Hili linaonekana dogo ila ndilo linalowarudisha kwa wasaidizi. Simu ikiwa kwenye sauti ya Kiingereza inasoma meseji za Kiswahili kwa matamshi ya kizungu, "umepokea" inatoka kitu hakieleweki, mtoto anasikiliza mara mbili anachoka anamwita mtu amsomee. Kwenye setingi za kusoma maandishi kwa sauti, Google ina sauti ya Kiswahili, unapakua kwa bando kidogo tu.

Shida nyingine ni hizi menyu za nyota na reli. Zina muda, ukichelewa kujibu zinakatika. Dogo anayesoma kwa taabu hajamaliza mstari wa tatu menyu imeshapotea, anaanza upya, inakatika tena, mwisho anasema "nisaidie kutuma" na PIN imeshatoka. Mfundishe njia kwa kichwa, kwamba kuangalia salio ni namba fulani ikifuatiwa na namba fulani, afanye wewe ukiwa pembeni umegeuka, arudie jioni nyingine mpaka vidole vizoee. Au atumie programu ya mtandao wake yenye TalkBack, ile haikimbizani naye sana.

Kuhusu utapeli wenyewe. Kwa mtoto anayesoma kwa shida usimpe orodha ya dalili ishirini za meseji feki, hatazikumbuka na kuzisoma ndio kazi yenyewe. Sisi huwa tunampa sheria moja: meseji yoyote inayotaja hela au namba za siri haijibiwi kwa kuandika, inajibiwa kwa kumpigia mtu unayemjua sauti, kwa namba uliyoisevu mwenyewe. Iwe ni "ile hela tuma kwenye namba hii", iwe ni "mwanao kaumia shuleni tuma ya matibabu", iwe ni grupu la Telegram linalouza mitihani ya kidato cha pili, zote zinaangukia hapo. Meseji ya utapeli mnaituma 15040 ya TCRA, mfundisheni kuituma yeye mwenyewe, inampa nguvu fulani hivi, anaona kuna kitu na yeye anaweza kufanya.

Na fundisha kwa kuigiza. Mimi nawatumia wanafunzi wangu meseji ya kitapeli niliyoitunga, tumekubaliana kabla kwamba wiki hii itakuja, na tunaangalia wanafanya nini. Jambo moja, linakaa, ndipo jingine. Alafu mwambie yeye amfundishe mama. Mtoto ambaye kila siku anafundishwa tu, siku akimwonesha mama yake jinsi ya kuzuia namba, unamuona anakaa tofauti kwenye kiti.

Kuna dada humo juu kauliza kuhusu binti yake kiziwi yuko bweni, likizo anarudi anakesha na vidio kolo. Dada, usikatishe vidio kolo, kwa kiziwi hiyo ndiyo simu, kuandika Kiswahili kwake ni lugha ya pili. Wanaandika kwa mpangilio wa Lugha ya Alama, "mimi shule kesho kwenda", na kwenye magrupu ya darasa wanachekwa vibaya sana kwa hilo, watu wanazikata sentensi zao wanaziweka status, wengine wanachukua vidio za mikono yao wanatengenezea stika. Huo ni unyanyasaji na unaumiza. Ongea na msimamizi wa grupu, kwanza kwa heshima, asipoelewa mwambie Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 23 inahusu kutumia mtandao kumnyanyasa mtu na kumtia uchungu wa moyo, faini yake haipungui shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote.

Ila hatari kubwa kwa mabinti viziwi ni wanaume wanaojifanya viziwi. Anafungua akaunti, anaweka picha ya mikono, anaandika yeye pia ni kiziwi wa mkoa fulani, na binti aliyechoka kuchekwa na wanaosikia anafurahi amepata mtu wake. Binti mmoja hapa Tabora alinionesha dawa yake na sasa naifundisha kwa wote. Jamaa alikuwa anamwandikia usiku kucha, anamwita mpenzi, anaomba picha. Binti akamwandikia, washa vidio nioneshe jina lako la alama na nani alikupa. Kila kiziwi aliyekulia kati ya viziwi ana jina la alama, alipewa na wenzake kwa sababu fulani, kovu, nywele, tabia, na anaweza kulieleza kwa mikono bila kufikiri. Jamaa akasema kamera mbovu. Kesho yake bando limeisha. Siku iliyofuata akawasha, mikono ikapapasa papasa kama mtu anayefukuza inzi, binti akakata akamzuia. Alinisimulia kwa mikono hii hadithi huku anacheka na mimi moyo ulinidunda, maana nilikuwa nimeziona zile meseji na huyo mtu hakuwa na nia nzuri hata kidogo.

Kwa watoto wenye ualbino nasema kwa ufupi lakini kwa uzito wote, na nyie wa Kigoma mnaijua historia, mnajua kwanini pale Kabanga Kasulu palikuwa na watoto waliokimbizwa kutoka kwao wakati wa yale mauaji ya wenye ualbino. Kwa mtoto huyu lokesheni sio jambo la mchezo. Zima lokesheni ya kamera, asitume lokesheni ya moja kwa moja kwa yeyote nje ya familia, asiposti njia ya kwenda shule wala muda wa kutoka. Na nyie shule na wafadhili mnaopiga picha wakati wa kugawa mafuta ya jua na kofia, mkaweka jina la mtoto, darasa na jina la shule kwenye ukurasa wa wazi, acheni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, mzazi ana haki ya kukataa na ana haki ya kudai picha iondolewe.

Jambo la picha za faragha lazima niliseme maana linakuja kila muhula. Mtoto ametumiwa vitisho kwamba picha yake itasambazwa, au imeshasambazwa. Walimu wenzangu, naomba sana, ile picha msiitume kwenye grupu la walimu "kama ushahidi". Kusambaza picha ya ngono ya mtoto ni kosa kwa sheria hiyohiyo ya 2015, haijalishi wewe ni nidhamu au taaluma. Piga skrinishoti ya vitisho, namba, jina la akaunti, tarehe, picha yenyewe iache kwenye simu ya mtoto, nendeni naye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama anadai hela msianze kulipa, ukilipa anarudi kesho. Kuna huduma ya bure ya Take It Down ya shirika la NCMEC la Marekani kwa walio chini ya miaka 18, mtoto anaichagua picha kwenye simu yake, inatengenezwa alama ya kidijitali bila picha kutoka kwenye simu, na mitandao inayoshirikiana nao kama Facebook, Instagram na TikTok inaitumia alama hiyo kuizuia. Simu kwa Mtoto ni 116, bure. Kwa kiziwi mtafutie mkalimani anayemwamini yeye, sio yule binamu, na hata polisi mdai mkalimani, asiandikiwe maelezo na mtu mwenye maslahi.

Narudi kwa mama yenu, na lile swali la utamlinda vipi bila kujua namba zake. Mkuu, wanaowatishia watoto wanatumia sentensi moja tu, "nitamwambia mama yako". Ina nguvu kwa sababu mtoto anajua mama akijua atapigwa na simu itachukuliwa. Kwa hiyo kaeni na mama, mpe shikamoo yake, msikilize kwanza maana na yeye ameibiwa na ana haki ya kuumia, kisha mwombe jambo moja: amwambie dogo kwa mdomo wake kwamba akija kusema lolote la kwenye simu, hata kama kakosea yeye, hapigwi na simu haichukuliwi siku hiyo. Akilisema hilo na akalishika, hutahitaji kujua namba zake, atakuletea mwenyewe. Na hela ya mama ihamishwe laini ya mama, kwenye ya dogo ibaki nauli tu.

Kama ni mwenzake wa darasani ndiye aliyefanya, msiende kwao na vurugu, nendeni kwa mwalimu wa malezi na ile skrinishoti, na muulize shule papo hapo nani atamsomea dogo ubao kuanzia hiyo kesho, hilo lipate jibu kabla hamjatoka ofisini.

Ukishaangalia hivyo vifaa vilivyounganishwa rudi hapa useme umekuta nini, na simu ya dogo ni aina gani na Android ya ngapi, maana mahali pa kuweka sauti ya Kiswahili panatofautiana simu hadi simu, nitakuandikia hatua zake.